Pumzi za Alexander Mair Mmoja

Kikohozi hutangulia, nyundo hufuata. Saa tatu asubuhi, nyuma ya kibanda cha zamani cha kukaushia samaki kwa moshi, Dod Mair anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kukohoa mpaka shingo inamwiva. Anajifuta mdomo, anaitazama leso, anaikunja upesi na kuitia mfukoni. Ndipo anapoichukua patasi.

Anagonga kidogo, anatua, anavuta hewa kama mtu anayenywa chai ya moto. Ukutani barakoa imening'inia kwenye msumari. Aliinunua mwaka ule alioambiwa kuwa mapafu yamekwisha haribika.

"Zamani nilikuwa nagonga huku naimba zaburi," anasema. "Siku hizi nachagua. Ama niimbe, ama nigonge."

Ana miaka sitini na minne. Kwenye cheti ni George, lakini hapa Portgarvie, kwenye pwani ya Moray, mbali kaskazini mwa London, hakuna anayemwita hivyo isipokuwa daktari. Kazi yake ni kukata majina kwenye mawe ya makaburi kwa mkono. Alipoanza walikuwa wanne katika vijiji vya jirani. Wenzake watatu wamelala kilimani, na mawe yao aliyakata yeye.

"Bosi aliyenifunza alikuwa akisema vumbi ndiyo chumvi ya kazi," Dod anasimulia. "Alikufa na miaka hamsini na miwili, hawezi kupanda ngazi mbili. Nikakata jina lake, nikameza vumbi lake, nikaenda kunywa bia. Sikujifunza kitu."

Ugonjwa wake una jina refu la hospitali, lakini yeye anauita saruji. Vumbi la mawe limeganda mapafuni na halitoki tena. Mwezi Februari daktari alimwambia kwamba kila jiwe analokata sasa analikata kifuani mwake mwenyewe.

"Nikamwambia, daktari, hayo maneno matamu kweli, siku yako ikifika nitakukatia bure," Dod anasema. Anacheka, na kicheko kinamgeukia kuwa kikohozi.

Alipokuwa na nguvu zake alikata herufi hamsini kwa siku, kila moja kwa paundi tatu. Msimu huu akikata sita, kesho yake hulala. Anaishi kwa posho ya wagonjwa, ambayo wakati wa baridi humlazimu kuchagua kati ya kupasha moto chumba cha mama yake na kupasha moto chake. Hahitaji kukwambia amechagua kipi. Hata ndani ya nyumba hukaa na koti.

Lakini si posho wala kikohozi kinachomkosesha usingizi. Ni jina moja.

Majina ya Portgarvie ni machache kuliko watu wake. Nusu ya kijiji ni Mair, na kwa kuwa mtoto wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, Mair wale wale hurudi kila kizazi. Ukisimama bandarini ukaita "George Mair!" watageuka wanaume saba na mbwa mmoja. Ndiyo maana kila nyumba ina lakabu yake, na lakabu hurithiwa kama pua.

Nyumba ya Dod ni Partan, yaani kaa, kwa sababu ya babu mmoja aliyevunjika nyonga akawa anatembea upande upande. Nyumba nyingine ni Neep, yaani tanipu, ile mboga ya mzizi, kwa ajili ya babu aliyeziiba shambani kwa kasisi na kukamatwa nazo ndani ya kofia. Mwizi alikufa zamani za malkia wa kale. Wajukuu zake bado ni Neep, na wanajivunia.

Lakabu hapa si mzaha. Iko kwenye kadi ya harusi, iko kwenye orodha ya mabaharia, na iko kwenye jiwe la kaburi. Anayekuja mlangoni kumuulizia mtu kwa jina tupu ni polisi au mtoza kodi, na wote wawili huambiwa hayupo.

Majira ya kiangazi yaliyopita Dod alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Chama cha Ukoo wa Mair, ambacho wanachama wake wengi wako Toronto na Melbourne na wanaijua Portgarvie kwa picha, kilitaka jiwe la kumbukumbu pale bandarini. Juu yake yakatwe majina kumi na manne ya watu mashuhuri walioitwa Mair. Kuna admirali, kuna jaji, kuna daktari wa upasuaji, kuna mchezaji wa mpira aliyevaa jezi ya taifa mara mbili na kufungisha mara zote mbili.

"Admirali huyu alizaliwa London akafia London," Dod anasema akiligonga jina kwa kucha. "Samaki wetu hakumjua hata wa kopo. Lakini ni Mair, basi. Nimemkata vizuri. Tazama hiyo R."

Katibu wa chama ni Bi. Honor Mair-Pringle, mwalimu mstaafu aliyerudi kutoka Kanada na kununua nyumba yenye madirisha makubwa juu ya bandari. Ni mama mkarimu, na kila akija uani huja na keki. Ila ana sharti moja, nalo ni kwamba lakabu zisikatwe.

"Wageni watakuja kutoka mbali kuona babu zao," anaeleza Bi. Honor. "Sitaki wasome Tanipu na Kaa. Jiwe la heshima si mahali pa utani."

"Bibie," Dod alimjibu siku hiyo, "hapa utani ndio kitambulisho."

Hata hivyo alikubali. Majina kumi na matatu ya kwanza hayakuwa na shida, maana wenyewe hawakuwahi kukanyaga Portgarvie, na asiyejulikana hahitaji kutofautishwa. Alimeza vumbi la admirali, akameza la jaji. Kufikia Krismasi alikuwa hawezi kutoka uani mpaka dukani bila kukaa ukutani mara mbili. Likabaki jina la kumi na nne, ambalo ndilo la mtu pekee kati yao aliye hai: Alexander Mair.

Huyo ni Alec Neep, maana hapa kila Alexander huitwa Alec. Ana miaka sitini, ana meli tatu za uvuvi, ndiye aliyejenga upya kituo cha mashua ya uokoaji kwa fedha zake, na amevishwa nishani. Hakuna kijijini anayebisha kwamba anastahili jiwe.

Shida ni kwamba palikuwa na Alexander Mair mwingine. Alikuwa Partan, mdogo wake Dod, na yeye hana jiwe lolote.

Ilikuwa Januari, mwaka 1989. Meli ya *Bethsaida* iliondoka Portgarvie na watu watano, wawili wao wakiwa Alec Mair, mmoja Neep na mmoja Partan, vijana wa rika moja waliozoea kugombana juu ya nani mwenye buti nzuri. Kabla ya alfajiri ya siku ya tatu bahari iliipindua. Helikopta ilimkuta mtu mmoja tu majini akiwa hai.

Asubuhi hiyo mtu wa hospitali alipiga simu posta ya kijiji. Alisoma jina lililokuwa kwenye karatasi yake: Alexander Mair yu hai. Hakuwa mtu wa pwani hii, hakujua kwamba amesema nusu ya jina. Na mama wa posta, ambaye alijua, alikuwa amekwisha angusha simu na kukimbia na aproni yake. Alikimbilia mlango wa karibu. Ulikuwa wa Elspet Mair Partan, mama yake Dod na Alec.

"Nilikuwepo," Dod anasema. "Mama alifungua mapazia yote. Watu wakajaa, wanamkumbatia, wanalia. Akateleka sufuria kubwa ya supu ya samaki wa moshi, ile ambayo Alec alikuwa anaipenda. Akawa anaimba, haki ya Mungu, mama yangu ambaye hata kanisani haimbi."

Upande wa pili wa barabara, nyumbani kwa Neep, mapazia yalikuwa yamefungwa, saa imesimamishwa na kioo kimefunikwa kitambaa, kama ilivyo desturi. Walikuwa wanamlilia mtu aliyekuwa hospitalini anakunywa chai.

Mambo yalikaa hivyo mpaka jioni, baba yake Neep alipokwenda hospitali kutafuta habari za mwili na kumkuta mwanawe ameketi kitandani. Ndipo nyumba zile mbili zikabadilishana. Kwa Neep wakafungua mapazia, kwa Partan wakafunga.

Bibi Elspet hakulia. Aliibeba ile sufuria kwa mikono yake, akavuka barabara, akaiweka juu ya meza ya mama yake Neep. Maneno aliyosema yanajulikana na kila mtu kijijini mpaka leo.

"Supu hii ilipikwa kwa ajili ya Alec Mair," alisema. "Basi na ale."

Mwili wa Alec Partan haukuonekana. Na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bibi Elspet hakubishana na mtu, ila alipoambiwa habari za kaburi alitoa hoja moja, na hajawahi kuiacha: "Mara ya kwanza walinikosea. Kwa nini nisadiki ya pili?"

Kilimani, nyuma ya kanisa, jiwe la nyumba ya Partan lina majina tangu yule babu wa nyonga. Hapa majina hupangwa kwa kufuatana na vifo. Mwaka mmoja baada ya *Bethsaida*, baba alimwomba Dod amkate mdogo wake. Dod alichora herufi kwa chaki, kama mkataji yeyote anavyofanya kabla ya patasi, akarudi nyumbani kuchukua nyundo. Aliporudi alimkuta mama yake amepiga magoti na kitambaa, na jiwe likiwa safi.

"Hakunigombeza," anasema Dod. "Alifuta kama anavyofuta meza baada ya chakula."

Baba alipofariki, Dod alimkata chini zaidi, akaacha nafasi ya mstari mmoja katikati. Akaichora tena kwa chaki. Mama akaifuta tena. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada Bibi Elspet huenda kulisafisha jiwe lote kwa kitambaa chake cha jikoni: jina la babu, ile nafasi tupu, jina la mumewe. Nafasi ile inang'aa kuliko herufi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ila hapa aliyekuwa hayupo alikuwa na mstari mzima wa jiwe, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Sasa Bibi Elspet ana miaka tisini na mmoja, na akili yake imeanza kuvuja. Kuna siku huweka sahani tatu mezani, ingawa nyumbani wako wawili tu, yeye na Dod. Alec Neep, ambaye kwa miaka yote hii humletea samaki kila Ijumaa na kumwita mama, siku hizi hukutana mlangoni na swali ambalo zamani bibi hakuwahi kumuuliza.

"Umemwacha wapi mwenzako?"

Mtu wa meli tatu na nishani hukaa ndani ya gari lake dakika kadhaa kabla ya kuwasha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo uani mwezi huu wa Mei. Jiwe la mashuhuri lina majina kumi na matatu. Uzinduzi umepangwa Juni, wageni wameshakata tiketi. Na Dod amegoma.

"Mama yangu hupita bandarini kila siku," anasema. "Kusoma bado anasoma. Nikimkatia pale Alexander Mair, bila Neep, bila chochote, atasimama asome. Atafikiri nini? Ni simu ile ile ya posta, ila safari hii imepigwa na mwanawe."

Kuna la pili, nalo analitaja bila kuinua macho kutoka kwenye patasi.

"Nimejipima. Pumzi zangu zimebaki za Alexander Mair mmoja. Nikimkata Neep, ndugu yangu hapati."

Ukimuuliza kwa nini asilete mashine ya mjini ikakata kilimani, anakutazama kana kwamba umemtukania jamaa. Mtu wa mashine atataka cheti, na kwenye cheti hakuna Partan. Kisha kuna ruhusa. Kumkata mtoto kwenye jiwe bila idhini ya mamake, anasema, ni kumzamisha mara ya pili. Naye Dod hana mke wala mtoto. Akitangulia yeye, au mama akitangulia, nafasi ile itabaki tupu daima.

Jumanne Alec Neep mwenyewe anakuja uani na mfuko wa mikate ya siagi. Ni mtu mnene, wa sauti nene, anayeegemea kila kitu anachokikuta.

"We Partan, mbona Honor ananipigia simu analia?" anauliza. "Ati umegoma. Umejiunga na chama cha wafanyakazi uzeeni?"

"Sikukati."

"Kwani nimekukosea nini?"

Dod anamwambia, kwa sentensi fupi fupi, akipumzika kati ya moja na nyingine. Anamweleza habari ya mama na bandari, na habari ya pumzi. Neep anasikiliza huku ameshika mkate ambao hauli.

"Sasa si ungenieleza tangu mwanzo, kichwa cha kaa wewe?" anasema mwishowe. Sauti imemshuka. "Unadhani mimi nalitaka jiwe? Mimi nilikula supu yake, Dod. Nilitoka hospitali nikapashiwa moto nikala, sikujua. Mama yangu aliniambia nilipomaliza sahani."

Dod anamsogezea kiti.

"Mwambie Honor aache nafasi," Neep anasema. "Alec wenu atangulie. Akikatwa yeye, ndiyo nami nikatwe. Tena na Neep yangu. La sivyo wampe nafasi hiyo admirali mwingine, wanao wengi."

Bi. Honor aliposikia aliuliza ile habari ya simu ya posta ilikuwaje, maana alikuwa hajawahi kusimuliwa. Miaka minne kijijini, na keki zote zile, hakuna aliyemwambia. Alisimuliwa jikoni kwake. Siku ya pili aliwaandikia wenzake wa Toronto kwamba jiwe litazinduliwa likiwa na nafasi, na kwamba lakabu ya Bwana Neep itakatwa, na asiyependa asije.

Jiwe linasimamishwa bandarini Alhamisi. Bibi Elspet anapita na mkoba wake, mwanawe akimfuata nyuma kwa hatua za mtu mzee kuliko yeye. Anasoma majina yote kwa kidole, taratibu. Kidole kinafika mahali patupu.

"Hapa pa nani?"

"Pangu, mama," Neep anasema. Alikuwa pale anafunga kamba ambayo haikuhitaji kufungwa. "Lakini nimesema Alec wako atangulie."

Bibi anamtazama kwa muda mrefu. Haijulikani leo ni siku gani kichwani mwake.

"Wewe siku zote ulikuwa wa kwanza kula," anasema, na kuendelea na safari yake ya dukani.

Dod anasema kwamba usiku ule mama aliweka sahani mbili tu. Hakutaka kulifanya jambo hilo kuwa kubwa, maana keshoye anaweza kuweka nne.

Ijumaa asubuhi anapanda kilimani akiwa amebeba chaki peke yake. Vyombo vinabebwa na Neep, pamoja na ndoo ya maji ya kulaza vumbi na kiti cha kukunja. Safari ya kilima kile ni ya dakika chache kwa mtu mwenye afya. Dod anakaa njiani mara nne, na kila akikaa Neep anajifanya anakagua mawe ya watu wengine.

"Huyu naye alinidai koti," anasema Neep akigonga jiwe moja. "Nikusubiri hapa hapa, naona anataka kulidai."

"Nenda zako," Dod anasema bila pumzi, lakini anatabasamu.

Anapiga magoti mbele ya jiwe la Partan. Anapima kwa macho, anaanza katikati na kwenda pembeni, na baada ya muda nafasi ile, kwa mara ya tatu, ina jina: Alexander Mair, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, Partan. Mwaka. Bahari.

Anajikongoja mpaka kwenye kiti na kungoja.

Bibi Elspet anapanda akiwa ameshikwa mkono na Bi. Honor, aliyekwenda kumchukua kwa gari. Amevaa koti la kanisani ingawa si Jumapili. Kitambaa cha jikoni kimo mkononi, kimelowanishwa tayari.

Milima ya Caithness, ng'ambo ya maji, inaonekana karibu mno, na hapa hiyo ni habari ya mvua. Bibi anainama. Anaanza juu, kwa yule babu wa nyonga, anafuta jina lake herufi kwa herufi. Kitambaa kinashuka.

Kinasimama juu kidogo ya chaki.

"Neep," anasema, hageuki. "Wewe ulimwona?"

Ni miaka thelathini na sita. Ameulizwa alikomwacha mwenzake, hajaulizwa kama alimwona.

"Nilimwona, mama."

"Alikuwaje?"

Neep amevua kofia, anaizungusha mkononi. "Nilimshika mkono. Tulikuwa pamoja, tunasemezana. Akaniuliza kama buti zangu zimepona, maana zake zilikuwa zimekwenda. Kisha baridi ikanishinda vidole. Vilifunguka vyenyewe, mama. Sikuvifungua mimi."

Bibi Elspet anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Anabaki ameinama. Mabega yake yanapanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza mbele za watu, mama huyu analia, bila sauti, kitambaa kikidondosha maji kwenye viatu vyake. Dod anataka kuinuka. Kifua kinamrudisha kitini.

Kisha mkono wa bibi unasogea. Unapita pembeni ya chaki, mbali kidogo ili tone lisiiguse, unashuka chini, na kuanza kulifuta jina la mumewe. Analifuta lote. Anakikunja kitambaa, anakikamua, anamtupia Dod mapajani.

"Utakihitaji kwa vumbi," anasema. Anatazama ng'ambo ya maji, halafu anamtazama mwanawe kwa ukali wa siku zake za nguvu. "Sasa umekaa unangoja nini? Mvua itafuta."

Dod anajifunga kitambaa mdomoni. Neep anamimina maji juu ya jiwe taratibu, chini ya mstari. Nyundo inapiga, inatua, inapiga. Mpaka matone ya kwanza yanaanguka, amemaliza herufi moja, A, na amekwisha kabisa. Inabidi Neep na Bi. Honor wamshike huku na huku kumteremsha.

Jioni, amelala kitandani na koti lake, mashine ya hewa ikivuma ubavuni, anasema mpango wake ni herufi moja kila siku kavu. Daktari hajaambiwa. Jumamosi bibi aliamka akauliza kama Alec ameshakunywa chai, na Dod alimjibu kuwa bado, kisha akaenda kilimani kukata L.

Anaulizwa anatumaini nini. Anafikiri kwanza, maana kila neno lina bei yake.

"Kiangazi kikavu," anasema. "Nimalize Alec. Mama naye, nikijaliwa, nimkate kwa mkono wangu. La kwangu alikate yeyote, hata mashine." Anavuta hewa. "Mradi asisahau Partan."